Kabla ya Oili, Filta ya Hewa: Sevisi ya Nyumbani Mbulu na Hanang

Ukiingia duka la spea mjini Katesh ukaomba oili, muuzaji mara nyingi atakuuliza: nzito au nyepesi? Wateja wengi wa ukanda huu hujibu nzito bila kuwaza, wakaondoka na galoni la 20W-50, liwe la Land Cruiser iliyochoka, Probox iliyoshuka bandarini juzi juzi, au pikipiki. Jibu hilo lina sababu zake, na kwa baadhi ya injini ni sahihi. Lakini katika mambo yanayoamua injini itadumu kiasi gani kati ya Mlima Hanang na miinuko ya Mbulu, uzito wa oili si la kwanza. La kwanza halimo ndani ya galoni.

Ni hewa. Chukua 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo utaikuta kwenye Land Cruiser nyingi za miradi, za hospitali na za serikali. Injini ya aina hii huvuta hewa sawa na ujazo wake kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hesabu ya karatasini inatoa lita 4,200 za hewa kwa dakika. Punguza kiasi, maana silinda hazijai kabisa, na bado unabaki na lita zipatazo 3,500. Kwa saa moja ya kiangazi kwenye barabara ya Basotu hiyo ni mita za ujazo zaidi ya 200, na kama kuna lori mbele yako, zote zimejaa vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikipenya inasaga ringi na kuta za silinda, kisha inashuka na oili kwenda kusaga beringi.

Hapo ndipo wengi huitegemea filta ya oili kuliko uwezo wake. Filta ya kawaida ya karatasi hukamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 hadi 40. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Utando wa oili unaotenganisha shafti na beringi una mikroni chache tu. Kwa hiyo chembe zenye madhara makubwa, za mikroni 5 hadi 20, nyingi hupita kwenye filta ya oili, zikazunguka na kurudi tena na tena hadi siku ya kumwaga. Mahali pa kuzizuia ni mlangoni, kwenye filta ya hewa. Mwenye fedha ya kuongeza kidogo kwenye sevisi, na akaitumia yote kupanda kutoka oili ya kawaida hadi ile ghali kabisa huku filta ya hewa ikiwa ni ile ile inayopulizwa kila wiki, amenunua kitu kizuri na kukimwagia mchanga.

Na hiyo kupuliza ndiyo ninayoigombea zaidi. Gereji nyingi huichomoa filta, huigonga kwenye tairi mara tatu nne, kisha huielekezea mpira wa kompresa kwa nguvu zote kutoka nje. Kuigonga hupinda ukingo wa mpira unaoziba. Upepo mkali hutoboa karatasi matundu usiyoyaona. Kama ni lazima kupuliza, upepo uwe mdogo na utoke ndani kwenda nje. Baadaye ingiza tochi ndani ya filta gizani na uizungushe taratibu: penye nukta kali ya mwanga pametoboka. Kipimo kingine hakihitaji kifaa. Pitisha kidole ndani ya bomba lililo baada ya filta, upande unaoelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, filta haizibi, iwe mpya au kuukuu, na oili yoyote utakayonunua siku hiyo itageuka msasa.

Hanang imewahi kuwa na mashine nyingi zilizofanya kazi katikati ya vumbi hilo. Mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yakiwamo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, yaliendeshwa kwa msaada wa Canada tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakilishia mifugo yao. Kuhusu haki ya ardhi hiyo kuna mengi, na yalifika mahakamani. Kwa safu hii linalotuhusu ni dogo: trekta hulima ndani ya wingu inalolitimua yenyewe. Ndiyo maana trekta kubwa na kombaini huundwa na kikombe cha awali kinachoizungusha hewa ili vumbi zito lianguke, kisha filta mbili, ya ndani na ya nje, na sevisi yake huhesabiwa kwa saa za kazi. Gari la mtu wa Dongobesh linakula vumbi linalokaribia hilo, lakini linahudumiwa kwa kalenda ya gari la Dar es Salaam.

Fanya hesabu. Galoni limeandikwa kwamba oili inafika kilomita 10,000, na fundi, kwa busara, anakuambia urudi baada ya 5,000. Kwenye lami ya Babati kwenda Singida, gari likienda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, kilomita 5,000 ni kama saa 71 za injini. Kwenye barabara ya udongo, ukiwa na mzigo wa vitunguu saumu na wastani wa kilomita 30 kwa saa, kilomita zile zile ni saa 167. Oili imefanya kazi zaidi ya mara mbili, tena kwa gia ndogo. Anayetembea vijijini zaidi kuliko kwenye lami angemwaga kwenye 3,000 au 3,500 na asione haya, hata kama kibandiko cha kwenye kioo kinasema bado.

Sasa oili yenyewe. Namba zinazofuata herufi SAE zinapima wepesi wa kutiririka, si ubora. Ile iliyotangulia W inahusu baridi: 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata asubuhi ya Julai Mbulu haikaribii huko, kwa hiyo hakuna injini itakayokataa kuwaka kwa sababu ya 20W. Tatizo ni sekunde zinazofuata. Oili nzito na ya baridi haipiti upesi kwenye karatasi ya filta. Mkandamizo ukipanda, vali ndogo ndani ya filta hufunguka ili injini isikose oili kabisa, na kwa muda huo inayozunguka ni oili isiyochujwa. Ukichagua uzito usiotakiwa na injini yako, unaipa filta likizo kila asubuhi.

Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, joto la injini iliyokwisha kuchemka. Oili ya 30 huwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 50 huanzia 16.3. Kwa 1NZ-FE, injini ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox nyingi, tofauti hiyo si ndogo. Mfumo wake wa VVT-i husogeza shafti ya vali kwa mkandamizo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba, na 5W-30 au 10W-30 ndiyo inayoutumikia vizuri. Injini hiyo ikishachoka, ikawa inakula oili kati ya sevisi na sevisi, 15W-40 ni hatua inayoeleweka. Kuiwekea 20W-50 ikiwa bado nzima, ati kwa sababu gari la mjomba lilidumu nayo, ni kuichosha pampu na kuchoma petroli ya ziada.

Pikipiki ni habari tofauti, na hapa wenye jibu la "nzito" wanashinda. Boxer na wenzake hupozwa kwa upepo, hubeba abiria wawili na gunia kwenye mlima wa Magara, na nyingi zimeandikiwa 20W-50 na watengenezaji wake. Lakini klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili ya gari iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Yasipokuwepo, irudishe rafuni.

Tukirudi kwenye magari, herufi za API zinasema injini gani inahudumiwa: S ni petroli, C ni dizeli. Herufi inayofuata ikisogea mbele, kiwango ni kipya zaidi. SL ni ya mwaka 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Probox ilianza kutengenezwa 2002, kwa hiyo SL na kuendelea inaitosha, na SN halisi ni bora kuliko SP ya kughushi. Kwa dizeli ya zamani kama 1HZ, CF-4 au CI-4 za uzito wa 15W-40 zinafaa. Kwenye dizeli za huku, herufi C ina kazi ya ziada. Katesh na Mbulu ziko juu ya mita 1,600, na hapo hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo, ambayo pampu yake haina kifaa cha kufidia kimo, hupata dizeli ile ile kwa hewa pungufu. Ndio moshi mweusi unaouona milimani. Sehemu ya masizi hayo hubaki ndani, hushuka kwenye oili na kuifanya iwe nzito. Oili za C zimetiwa viungo vya kuyatawanya masizi yasigandamane, kwa hiyo oili ya dizeli kugeuka nyeusi baada ya siku mbili ni dalili kwamba inafanya kazi. Rangi ya kutisha ni ile ya chai ya maziwa: maji yameingia.

Chapa sitaitaja hata moja. Chagua herufi na namba, kisha hakikisha galoni halijaguswa: pete ya mfuniko haijakatika, namba ya toleo haifutiki kwa kidole, alama ya ubora ya TBS ipo, na anayekuuzia ana risiti. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi kando ya barabara ina kasoro ambayo hata uaminifu wa muuzaji hauiondoi, nayo ni vumbi lililokwisha kuingia.

Filta ya oili huigwa kuliko oili. Ya 1NZ-FE yenye namba 90915-YZZE1 inauzwa kila mahali, na si zote zimetoka zinakotajwa. Tazama matundu ya pembeni: nyuma yake mnatakiwa kuwa na kiwambo cha mpira laini kinachorudi mahali pake ukikisukuma kwa kijiti safi. Hicho ndicho huzuia oili isirudi yote chini usiku. Kikiwa kigumu, au hakipo, utasikia injini ikigonga kwa sekunde kadhaa kila asubuhi. Tazama pia mikunjo ya karatasi kupitia tundu la kati, na uone kama uzi wa kufungia umechongwa safi. Kuichunguza dukani hakuna aibu.

Kazi ya kumwaga yenyewe haina siri nyingi. Chemsha injini dakika chache, weka gari mahali tambarare, tia mawe nyuma ya magurudumu, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Futa vumbi kuzunguka mfuniko wa juu kabla ya kuufungua. Huku kwetu hatua hiyo inasahaulika kuliko zote. Nati ya kumwagia ipewe washa mpya. Filta ya zamani ikitoka, hakikisha imetoka na mpira wake, kwa sababu mpira ukibaki umeganda kwenye injini na wa pili ukafungwa juu yake, oili yote itamwagika ndani ya dakika chache. Paka mpira mpya oili, funga kwa mkono, na ukishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Probox inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni la lita 4 lisimiminwe lote. Washa dakika moja, zima, subiri tano, kisha soma kijiti.

Filta ya zamani usiitupe kabla ya kuipasua. Kata kopo, kunjua karatasi juani. Chembe zinazong'aa na kunaswa na sumaku ni chuma. Za njano au shaba zinatoka kwenye beringi au bushi. Ukiisugua oili kati ya vidole ukahisi mchanga, rudi kwenye filta ya hewa na bomba lake kabla ya kulaumu galoni.

Oili chafu wengi huipaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Isipakwe kwenye zizi, kwa sababu ng'ombe hulamba nguzo na oili iliyotumika ina sumu ya metali, wala isimwagwe kwenye mfereji unaoelekea kisimani. Irudishe kwenye madumu yaliyofungwa, uipeleke gereji inayoikusanya. Galoni tupu litoboe kwa msumari kabla halijatoka uani kwako, wasilipate wanaojaza upya.