Mkalimani Kwenye Moto wa Mhunzi

Ukishuka kutoka Karatu mjini kuelekea Mang'ola na Ziwa Eyasi, utasikia lugha za asili nne zisizohusiana: Kiiraqw, ambacho ni Kikushi kama Kioromo na Kisomali, Kidatoga cha Waniloti, Kihadzabe chenye vidoko, ambacho wanaisimu bado hawajakipatia ndugu, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Watalii wa Ngorongoro huja na Kiingereza chao juu ya hizo. Wakalimani wa huku wote wana kazi, lakini ninayemhusudu zaidi ni yule anayefasiri kwenye kibanda cha mhunzi wa Kidatoga.

Mivukuto ya ngozi ya mbuzi hupuliza makaa. Kufuli na koki chakavu za shaba ya njano huyeyuka, zikamiminwa kwenye kalibu, zikafuliwa kuwa bangili. Msumari una njia yake. Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 na ushee. Chuma cha msumari kinataka karibu 1,500, na moto wa kibandani haukusudiwi kufika huko. Msumari huiva tu mpaka ukawa mwekundu na laini, kisha hufuliwa kuwa ncha ya mshale, ambayo Wahadzabe huipata kwa kubadilishana na asali.

Mkalimani asiyeujua moto husema vyote viwili vimeyeyushwa, na mgeni huondoka na uongo. Anayeujua hukaa kimya chuma kikiwa juu ya fuawe, maana kinapoa upesi na mhunzi hana nafasi ya kujibu mtu. Chuma kikirudi kwenye makaa, hapo ndipo naye huanza kusema. Muda wa kuiva ndio muda wake, na anaujua kiasi kwamba humaliza sentensi koleo linaponyanyuka. Naona huo ni ufundi kamili, sawa na wa nyundo.

Mgeni akiuliza joto ni nyuzi ngapi, yeye habuni tarakimu. Humuuliza mhunzi, na mhunzi huonyesha rangi ya chuma, basi hufasiri rangi hiyo.

Ukienda Mang'ola, mwache mkalimani azungumze na mhunzi kwanza kabla hujauliza lolote, na umlipe ujira wake kamili.