Rangi Isiyotoka kwenye Fuvu

Uamuzi wa kuitia rangi ya ngozi sura iliyojengwa upya ya Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, na kisha kuiweka sura hiyo kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 2005, uliiharibu kazi ambayo hadi hapo ilikuwa imefuata adabu zote za maabara. Skani ya CT, yaani upigaji wa eksirei unaouonyesha mwili vipande vyembamba vyembamba bila kuupasua, ilifanyika Januari 5, 2005 chini ya Zahi Hawass, mtaalamu wa mambo ya kale wa Misri, ikatoa picha zipatazo 1,700, ikafichua paja la kushoto lililovunjika na kuizika dhana ya kwamba mfalme aliuawa kwa kupigwa kichwani, dhana iliyolelewa tangu eksirei za mwaka 1968. Hapo hapana la kulaumu.

Kutokana na picha hizo timu za Ufaransa na Marekani zilipata fuvu la plastiki lenye vipimo vya lile halisi, ya Misri ikazitumia picha zenyewe, na zote tatu zikajenga sura kwa kufuata unene wa nyama unaokadiriwa katika kila sehemu ya uso. Timu ya Marekani haikuambiwa fuvu ni la nani, na kinga hiyo dhidi ya upendeleo inastahili sifa. Umbo la kichwa na mkao wa macho vililingana katika sura zote tatu, lakini kila timu ilitoka na pua yake, na sura ya Wamisri ikawa na taya na kidevu vilivyokazika zaidi.

Kilichofuata ndicho kisichoteteka. Kichwa cha Wafaransa, kazi ya mchongaji Elisabeth Daynès, kilivikwa ngozi ya silikoni, kikatiwa macho ya kioo yaliyopakwa wanja, kikapewa rangi ya wastani iliyochaguliwa kwa hoja kwamba watu wa Afrika Kaskazini wana rangi nyingi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Hoja hiyo ni ungamo, si ushahidi, kwa kuwa mfupa una urefu, unene, matundu na mishono, lakini haubebi rangi ya ngozi, na wastani wa walio hai leo hauwezi kutoa ushahidi juu ya kijana mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Msomaji aliyelitazama jalada hakuona mahali kipimo kilipokomea na kisio kilipoanzia, maana silikoni iliviunganisha vyote viwili bila mshono. Waliokusanyika Los Angeles mwaka huohuo kupinga kichwa hicho kuonyeshwa walichukuliwa kama watu wa siasa, ilhali pingamizi lao lilikuwa la kiufundi zaidi kuliko lilivyosikilizwa.

Cheikh Anta Diop, mwanahistoria wa Senegal ambaye hadi leo hutajwa kwa kejeli katika kumbi ambazo hazijawahi kumsoma, alikwisha kuonyesha njia katika kongamano la UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, alipotaka rangi itafutwe kwa hadubini katika melanini, yaani chembe za rangi zilizosalia kwenye ngozi ya mumia zenyewe. Vipimo vyake vilipingwa, lakini angalau aliiuliza ngozi habari za ngozi.

Katika upelelezi wa jinai, ambako sura hujengwa vilevile kutoka kwenye fuvu, kosa hili la kubuni rangi lina gharama kubwa zaidi, kwa sababu ndugu anayeitazama picha ya marehemu asiyejulikana anaweza kumkana mtu wake kwa rangi tu. Richard Neave, mjenzi wa sura wa Manchester, asiyekuwa na skani wala printa bali udongo na vijiti vya kupimia unene wa nyama, alijenga sura ya msichana ambaye mifupa yake ilifukuliwa Cardiff mwaka 1989, na picha yake ilipotangazwa jina likapatikana upesi. Udongo ule haukumdanganya mtu kuwa ni ngozi.

Jalada la Juni 2005 lingetosheka na vichwa vitatu vya plasta, visivyo na rangi, vikipangwa sambamba. Fuvu moja lililozaa pua tatu lingekuwa limeusema ukweli wote wa kazi ile.