Mchanga, Miiba na Kiti cha Magurudumu

Kile kiti cha magurudumu cha hospitali, chenye magurudumu mawili membamba mbele, kina adui mkubwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya: mchanga. Magurudumu ya mbele yanabeba uzito mwingi kwenye eneo dogo, kwa hiyo yanazama na kiti kinagoma. Anayekisukuma akikaza mkono, aliyeketi anapinduka kwa mbele. Mtu amepewa kiti, na bado hatoki nyumbani.

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimekuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Shirika la Handicap International, linaloitwa Humanity & Inclusion tangu 2018, limefanya kazi ya utengamao huko kwa miaka mingi, likiwafunza wakimbizi wenyewe kuwa wahudumu. Ukitaka kuelewa tiba kazi (occupational therapy) inavyofikiri, anza na tatizo hili la mchanga, maana linadai majibu mawili. La kwanza linahusu chombo, na la pili linahusu mtu.

Tuanze na chombo. Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitumia maisha yake kubuni viti vinavyoweza kutengenezwa na kukarabatiwa na mafundi wa nchi maskini. Kiti chake cha RoughRider kina magurudumu ya mbele mapana ya mpira laini, wazo lililotoka kwa mafundi wa Zimbabwe. Tena magurudumu hayo yamesogezwa mbele sana, mbali na ekseli ya nyuma. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa 1991, lilitengeneza pia kiti cha magurudumu matatu, moja tu likiwa mbele, kubwa na la mbali. Hesabu ni ileile: kadiri gurudumu la mbele linavyokuwa mbali, ndivyo linavyobeba sehemu ndogo ya uzito, na ndivyo kiti kinavyokuwa kigumu kupinduka kikikwama kwenye shimo.

Lakini urefu huo una gharama. Kiti kirefu hakigeuki ndani ya chumba kidogo, wala hakisogei karibu na mlango wa choo cha shimo. Kwa hiyo swali la mtaalamu haliwi kiti kipi ni bora. Anauliza: siku yako inapita wapi? Mwenye kibanda sokoni Garissa na bibi anayeshinda uani na wajukuu hawafai kupewa kiti kimoja, hata kama uti wa mgongo umeumia mahali palepale.

Halafu kuna mathenge. Miiba ya mti huu hupenya tairi kama sindano. Tairi ya upepo hupita mchangani vizuri na hupunguza mtikisiko, ila hutoboka. Tairi isiyo na upepo haitoboki, ila ni nzito na hurusha mwili kwenye kila jiwe. Mimi ningechagua ya upepo, yenye kipimo cha baiskeli, kwa yeyote anayeishi karibu na fundi wa baiskeli. Kwa familia inayohama na mifugo kuelekea malishoni, ningebadili uamuzi huo bila kusita.

Sasa tuje kwa mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unataja hatua nane, kuanzia rufaa hadi ufuatiliaji. Kumtathmini mtu na kumrekebishia kiti ni hatua zinazojitegemea, na ndizo zinazorukwa pale viti vya msaada vinaposhushwa kutoka kwenye lori na kugawiwa kwa foleni. Chukua mtu aliyekatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari. Uzito wa miguu umeondoka, kitovu cha uzito wake kimerudi nyuma, na kiti kilekile kilichokuwa salama kwa jirani yake kitamwangusha chali. Dawa yake ni kusogeza ekseli ya nyuma irudi nyuma zaidi, kazi ya spana na dakika chache, ilimradi kiti chenyewe kina nafasi ya marekebisho. Asiyehisi makalio yake naye anahitaji mto unaofaa, na afundishwe kuinama mbele au kujiinua mara kwa mara, maana kidonda cha kukaa kinaweza kumuua.

Hata hivyo, nyumbani kwa Wasomali wengi maisha yako mkekani: hapo watu hula, huswali, huongea. Kwa hiyo mgonjwa afundishwe kushuka kitini na kupanda tena, akipitia kigoda kifupi kama ngazi ya katikati, na ijulikane mapema ni nani wa nyumbani atakayemshika. Kwa mwanamke, huyo mara nyingi lazima awe mwanamke mwenzake.

Kiharusi nacho kina fumbo lake hapa. Kwa adabu ya Kiislamu, mkono wa kulia ni wa kula, wa kushoto ni wa kujisafisha chooni. Ukipooza mmoja, uliobaki unatakiwa kufanya kazi ambazo heshima imezitenganisha. Dini ina nafasi ya udhuru, ila mtaalamu mwenye busara hamhubirii mgonjwa. Anamuuliza analoliona zito. Jibu likiwa ni kula, aanze na kijiko chenye mpini mnene na sahani yake pembeni ya sinia, huku mkono wa kulia ukizoezwa. Likiwa ni kutawadha, kibuyu chirizi kinachovutwa kwa kamba ya mguu, yaani dumu la lita tano lililotundikwa kwenye mti, kinauacha mkono mmoja huru kupokea maji.

Tangu 2017 Kenya ina sheria mahususi ya wataalamu wa tiba kazi. Ningependa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziwatumie zaidi kwenye ufuatiliaji kuliko kwenye ugawaji. Mchanga huingia kwenye beringi, mtoto hurefuka na vikanyagio vya miguu vikabaki juu mno, familia huhama msimu ukibadilika. Anayepaswa kufundishwa kufungua gurudumu, kulisafisha na kukagua ngozi ya mgonjwa kila jioni ni ndugu atakayehama naye.