Trai 231 na Kocha Aliyeachwa Nje ya Hesabu

Mei 2016, jijini London, Collins Injera wa Kenya aliweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani na kufikisha trai 231 katika Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba. Alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyeishia 230. Tangu msururu ule uanze mwaka 1999, hakuna aliyekuwa amefunga nyingi kiasi hicho. Habari yenyewe, kwa Kiswahili, mara nyingi huandikwa hivi hivi nilivyoiandika mimi: jina, namba, jina la aliyepitwa. Halafu nukta.

Humu tumezoea kuchambua riwaya na mashairi. Leo naomba tuisome habari ya rekodi kama tunavyosoma hadithi fupi, na maswali yetu yaleyale: msimulizi ni nani, anasimama wapi, nani kaachwa nje ya mlango? Maoni yangu nayasema mapema. Habari ya rekodi ni miongoni mwa maandishi ya kivivu kabisa tunayoyatoa kwa Kiswahili, na uvivu huo unatupotezea watu.

Tuanze na lugha. Wenzetu wa Nairobi wameshamaliza kazi yao. Kwenye kurasa za michezo za Taifa Leo utakutana na raga, trai, mkwaju, winga, na timu ya taifa ya saba kila upande inaitwa Shujaa bila maelezo. Msomaji wa kule hasimami. Huku kwetu Tanzania, ukitoka Dar es Salaam na Arusha ambako mchezo unachezwa, maneno hayo ni mageni. Msomaji wa Kasulu akikutana na "trai 231" anaona 231 tu. Trai ni nini? Ni pointi tano, sawa, lakini inapatikanaje? Habari haimwambii. Inamkabidhi hesabu ya kitu asichokijua na kumtaka ashangilie.

Nimejaribu jambo hili Kibondo, kijiweni kwa bodaboda, siku moja abiria walipokuwa haba. Niliwaonesha kwenye simu fainali ya Singapore ya Aprili 2016, Kenya na Fiji. Swali la kwanza halikuwa nani anaongoza. Mmoja aliuliza, "Kaka, mbona wanakwenda mbele lakini pasi wanatoa nyuma?"

Hapo ndipo penye hadithi yote. Katika raga mkono hauruhusiwi kurusha mpira mbele. Mpira unasogea mbele kwa kubebwa mbioni au kupigwa kwa mguu, na kila anayeubeba anapobanwa anaugeuza kwa mwenzake aliye nyuma yake. Kwa hiyo mtu wa pembeni kabisa, winga, huupata mpira baada ya wenzake kuvuta mabeki, kugongwa, kuanguka, na kumfungulia uwazi wa mita chache. Injera alikuwa mmaliziaji hodari, mwenye kasi na mwili wa kuhimili kukabwa. Lakini kila trai kati ya zile 231 ina watu chini yake, wamelala kwenye nyasi nyuma ya mchezo, na kamera imeshawaacha. Kijana wa bodaboda aliliona hilo ndani ya dakika mbili. Waandishi wengi wa michezo hatuliandiki.

Mwingine pale alitaka kujua "over" ya mechi ile ilikuwa ngapi. Tulicheka, ila swali lake linaeleza mengi. Vijana wetu sasa wanausoma mchezo kupitia mkeka, na mkeka ni namba tupu: mabao zaidi ya mawili na nusu, timu zote kufunga, kona. Mwandishi anayetoa rekodi bila hadithi anaandika kwa lugha ya mkeka. Tofauti ni kwamba mkeka walau unaweza kukulipa.

Sisemi namba haina heshima yake. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, anayetoka kwenye timu isiyo na fedha za Uingereza wala New Zealand, namba ina faida moja kubwa: haibishaniwi. Huwezi kumwambia Injera amependelewa. Baadaye Dan Norton wa Uingereza alimpita, akastaafu na trai 358, na hilo nalo halibishaniwi. Ila ona kilichotokea kwa simulizi yetu. Kama tulichokuwa nacho juu ya Injera ni namba peke yake, siku Norton alipoipita tulibaki na nini mkononi?

Linganisha na Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Sebastian Coe aliivunja mwaka 1979. Lakini mwambie mzee yeyote aliyekuwa na redio enzi zile akusimulie, hataanza na sekunde. Ataanza na mwendo: kwamba Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akakataa kujificha nyuma ya mtu, akawaacha wenzake wakijiuliza kama atakufa njiani. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana mwishoni, na yeye pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani, ila alikuwa wa pili. Rekodi ya Bayi imekufa miaka mingi. Mbio zake bado zinasimuliwa. Na John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa amefungwa bendeji gotini, hana rekodi hata moja tunayomkumbuka nayo, na tunamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia siku ile.

Kwa hiyo masimulizi tunayaweza. Wasikilize watangazaji wetu wa mpira redioni, wanavyoweza kuifanya sare ya bila kufungana uwanja wa matope iwe kisa cha kukuzuia kushuka kwenye basi. Kipaji kipo. Kinapotea pale tunapotafsiri taarifa ya shirika la habari la nje na kuibandika.

Na raga ya kimataifa, kwa rekodi zake, inadai msimulizi makini kuliko michezo mingi. Kombe la Dunia la 1995, Afrika Kusini, lile ambalo wengi tunalijua kwa filamu ya Invictus na Mandela kuvaa jezi ya kijani, lilikuwa pia kombe la rekodi. Tarehe 26 Mei, mjini Rustenburg, Uskoti iliifunga Ivory Coast 89 kwa 0, na Gavin Hastings peke yake akapata pointi 44. Tarehe 4 Juni, Bloemfontein, New Zealand ikaifunga Japani 145 kwa 17, na Simon Culhane akapata 45. Marc Ellis alifunga trai sita siku hiyo. Vitabu vya kumbukumbu vinazipanga namba hizi vizuri kabisa, moja chini ya nyingine.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna Juni 3. Siku hiyo, Rustenburg tena, Ivory Coast ilicheza na Tonga. Winga wao, Max Brito, alidaka mpira, akakabwa, watu wakamwangukia. Alipooza kuanzia shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ivory Coast kufika Kombe la Dunia, na haijarudi tena. Winga mwingine, Mwafrika mwenzetu, na hayumo kwenye orodha yoyote ya wafungaji. Ukizisoma rekodi za wiki ile bila yeye, umesoma ukurasa uliochanwa katikati. Invictus nayo haimgusi. Filamu ile ina haraka ya kufika kwenye fainali na kwenye machozi ya furaha, na mimi nilipoitazama mara ya pili nilichoka nayo kabla ya mapumziko.

Namibia nayo ina rekodi ambayo watu huisema kwa kucheka: tangu 1999 hadi 2023 imecheza mechi 26 za Kombe la Dunia na kupoteza zote. Mwaka 2019 kimbunga kilifuta mechi yao na Kanada kule Japani, kila timu ikapewa pointi mbili. Mtunzi wa riwaya asingethubutu kuliandika hilo, angeambiwa anatia chumvi.

Nirudi Singapore, maana ndiko kwenye kiini cha ninachodai. Ile tarehe 17 Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa kombe kuu la msururu kwa mara ya kwanza. Fiji hiyohiyo, miezi minne baadaye, ilichukua dhahabu ya Olimpiki Rio kwa kuifunga Uingereza 43 kwa 7. Kenya huko Rio ilimaliza ya kumi na moja. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo ndani ya msimu mmoja kunatosha kitabu kizima, na rekodi ya Injera ya mwezi Mei imekaa katikati ya kilima na bonde hilo. Ukiiondoa hapo, inakauka.

Aliyekuwa kocha ni Benjamin Ayimba. Ndiye pia aliyekuwa kocha mwaka 2009, Kenya ilipoifunga Fiji na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba kule Dubai. Injera alikuwemo, na kaka yake Humphrey Kayange pia, ndugu wa tumbo moja wenye majina tofauti, jambo ambalo kwa Waha halihitaji maelezo. Kocha mmoja, kwa vipindi viwili, alikuwa nyuma ya siku mbili kubwa kabisa za timu hii. Kocha hafungi trai. Kwenye jedwali la rekodi hana safu.

Ayimba alifariki Mei 2021, Nairobi. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani.

Nilipofika hapo kijiweni, simu ilikuwa imeshazimwa na hakuna aliyekuwa anauliza tena habari za matokeo. Kibondo hakuna haja ya kumweleza mtu malaria ya kichwani ni nini. Kila mmoja pale alikuwa na wake aliyempakiza kwenye pikipiki usiku, amefungwa kanga mgongoni mwa dereva ili asidondoke, kuelekea hospitali ya wilaya. Yule aliyeuliza habari za pasi za nyuma aliomba nirudie jina la kocha. Nikarudia. Akataka nimtafutie tena fainali ile, aangalie kama kocha anaonekana pembeni ya uwanja.