Barbara Castle: Gharama ya Kiti

Mimi nilimjua Barbara Castle kupitia filamu, na nadhani wengi wenu pia. Katika Made in Dagenham ya mwaka 2010, Miranda Richardson anamwigiza kama waziri mwenye nywele nyekundu na ulimi mkali. Anawafokea maafisa wake, kisha anaketi na akina mama washonaji wa viti vya magari ya Ford waliogoma. Filamu inatuacha kwenye shangwe. Mimi nilitoka hapo nikaenda kusoma, na shangwe ikapungua kidogo.

Maana wanawake wale 187 hawakurudi kazini na usawa mkononi. Walirudi na asilimia 92 ya malipo ya wanaume. Dai lao la msingi, kwamba kazi yao itambuliwe kuwa ya ufundi, lilingoja hadi 1984, baada ya mgomo mwingine. Sheria ya Malipo Sawa Castle aliipitisha mwaka 1970, ni kweli, ila waajiri wakapewa hadi mwisho wa 1975 kujipanga. Ushindi upo, lakini umekatwa pembeni.

Nakiri sikumsoma kwa utulivu wa mtu wa maktaba. Mwaka jana nilipewa nafasi ya kuandika hotuba katika ofisi moja ya serikali. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ninaoupata gazetini. Nina wenzangu waliohamia upande ule. Wengine wamefanya mema, wengine siku hizi wanatupigia simu kutuambia habari fulani “haina maana”. Basi nilikuwa natafuta mwandishi wa habari aliyevuka akaacha maandishi ya kuaminika. Castle aliacha mengi.

Alizaliwa Chesterfield mwaka 1910, binti wa Frank Betts, mkaguzi wa kodi aliyekuwa msoshalisti na mhariri wa gazeti dogo la Bradford. Akasoma Oxford, akatoka na daraja la tatu. Akaandikia Tribune, na wakati wa vita Daily Mirror. Mwaka 1945 akawa mbunge wa Blackburn kwa chama cha Leba, na kiti hicho akakishika miaka 34. Kati ya 1964 na 1976 aliongoza wizara nne: misaada ya nje, uchukuzi, ajira, na huduma za jamii.

Vitabu vyake vikuu ni vitatu. Shajara za 1974 hadi 1976 zilitoka 1980. Za 1964 hadi 1970 zikatoka 1984. Na tawasifu, Fighting All the Way, ikafuata 1993. Ushauri wangu: anza na shajara. Castle alijua hati mkato, ile ya makarani na wanahabari, na ndani ya Baraza la Mawaziri hiyo ni silaha. Mzee mmoja akikohoa maneno asiyotaka yakumbukwe, yuko mama mezani anayanasa. Humo mjadala wa bajeti unakaa jirani na safari ya kutengeneza nywele, na uchovu wa mwili una nafasi sawa na hoja za sera.

Ubora wa shajara ni kwamba mwandishi hajui kesho. Chukua mwaka 1969. Januari anatoa In Place of Strife, mpango wake wa kudhibiti migomo isiyo rasmi, akiamini kabisa anaviokoa vyama vya wafanyakazi na balaa kubwa zaidi. Sisi tunajua kwamba James Callaghan atampinga akiwa ndani ya Baraza lilelile, na kwamba kufikia Juni serikali itasalimu amri na kuridhika na ahadi ya vyama hivyo. Yeye hajui. Wiki baada ya wiki marafiki wanapungua mezani, na kila wiki anapata sababu mpya ya kuamini atashinda. Sijasoma riwaya nyingi zenye mvutano wa namna hiyo.

Tawasifu ni jambo lingine. Inasomeka vizuri, ina ucheshi, lakini imeandikwa na mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 aliyekwisha kuamua maisha yake yalikuwa na maana gani. Kichwa chenyewe kinadai mapambano mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo mimi na yeye tunaachana kidogo, na sababu yangu inatoka nyumbani Kenya.

Mwaka 1955 Castle alikuja Nairobi, akiandikia Daily Mirror, kufuatilia kifo cha Kamau Kichina, mfanyakazi aliyefia mikononi mwa polisi mwezi Desemba 1954 baada ya kupigwa kwa siku kadhaa. Shtaka la mauaji liliondolewa. Maafisa wakahukumiwa kwa kosa dogo zaidi. Wakati huohuo Arthur Young, kamishna wa polisi aliyeletwa kutoka London, alikuwa amejiuzulu, na barua yake ya kujiuzulu ikafungiwa. Castle alitaka itolewe hadharani. Aliuliza Bungeni, akauliza tena, hadi wazito wa Wizara ya Makoloni wakamchoka.

Kisha ikaja Hola. Nimepita Hola mara mbili kikazi, kwenye barabara ya Garsen kwenda Garissa. Joto lake linajulikana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa pale kwa kipigo cha askari, kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya Kenya ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Eti maji! Mwanahabari yeyote aliyewahi kupokea taarifa ya namna hiyo saa kumi na moja jioni anaijua harufu yake. Castle aliijua. Alikuwa miongoni mwa waliolikalia jambo hilo kooni kwa miezi, hadi mjadala wa usiku wa Julai 27.

Vitabu vingi vya historia vikifika usiku huo vinamsifu mwanamume mmoja, Enoch Powell wa chama cha Conservative, aliyesimama saa saba usiku na kuikosoa serikali ya chama chake. Hotuba ile ni nzito, siibezi. Lakini Powell aliibeba Hola usiku mmoja. Castle aliibeba Kenya miaka minne. Mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau, mimi nilikumbuka maswali ya mbunge yule.

Sasa tusonge miaka tisa. Mwanzoni mwa 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza wanakimbilia London, kwa kuwa Kenya huru inawabana kwenye kazi na leseni. Serikali ya Leba inapitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia. Ndani ya wiki moja hivi imekwisha kupita Bungeni. Watu wenye pasi halali wanafungiwa mlango na nchi iliyowapa pasi hizo. Na Barbara Castle ni waziri katika serikali hiyo. Hakujiuzulu. Mwezi Aprili Powell naye akatoa hotuba yake mbaya dhidi ya wahamiaji, ile ambayo jina lake halijawahi kupona nayo. Kwa hiyo wale wawili waliosimama pamoja kwa ajili ya Hola, mwaka 1968 mmoja alipayuka na mwingine alibaki kwenye kiti.

Hilo ndilo linalonizuia kukimeza kile kichwa cha tawasifu. Hakupigana njia nzima. Alipigana alipoona panapiganika, na kwingine akabaki na wenzake wa Baraza.

Lakini hebu tumtendee haki, maana asiyekuwepo na lake halipo. Bila kiti kile, kipima ulevi barabarani, ndugu wa Alcoblow yetu, kisingeingia Uingereza mwaka 1967 kwa mkono wake. Aliwekwa Wizara ya Uchukuzi ilhali hajui kuendesha gari, akatishiwa maisha na wanywaji, na hakurudi nyuma. Mwaka 1975 akapitisha sheria ya posho ya watoto, pesa ziende mkononi mwa mama badala ya kupita kwenye mshahara wa baba. Aprili 1976 Callaghan, sasa waziri mkuu, akamfukuza kwa maelezo kwamba anataka damu changa. Castle alikuwa na miaka 65. Callaghan mwenyewe 64. Serikali ilipojaribu kuiahirisha ile posho, mama akarudi viti vya nyuma na kuipigania hadi ikaanza kulipwa 1977.

Unaona mzunguko wake. Sheria alizitunga akiwa ndani. Sauti aliipata akiwa nje, mwanzo kwa ajili ya Wakenya, mwisho kwa ajili ya akina mama na wazee wa pensheni, ambao aliwatetea katika Nyumba ya Malodi karibu hadi kifo chake mwaka 2002. Alivihitaji vyote viwili, na si mara nyingi vilimjia pamoja.

Mimi nafasi ile niliikataa. Si ushujaa, pengine Castle angenicheka na kuniambia nimeogopa kazi. Lakini nilijiuliza swali moja tu: siku taarifa ya gari la maji itakapoletwa mezani, mimi ndiye nitakayeiuliza au nitakayeinyoosha sarufi? Jibu sikulipenda.

Ukitaka kumsoma, chukua shajara za 1964 hadi 1970, na kando yake fungua kumbukumbu rasmi za Bunge za Julai 1959. Soma Hola kwanza. Halafu soma shajara ukijua ni mwanamke yuleyule.