Nyota Zisizo na Kazi: Uhakiki wa Elimu ya Nyota katika Mchezo wa Nyambizi

Michezo ya kompyuta haijazoeleka kuhakikiwa katika kurasa za taaluma ya Kiswahili. Hata hivyo, mchezo unaodai kuiga hali halisi una fani na maudhui yake, na dai lake halina budi kupimwa. Makala haya yanauchunguza mchezo uitwao Silent Hunter: Wolves of the Pacific, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2007, pamoja na nyongeza yake ya mwaka 2008, U-Boat Missions, iliyowaleta manahodha wa Kijerumani katika Bahari ya Hindi. Swali ni moja: je, mbingu ya mchezo huu inamsaidia nahodha kujua alipo?

Kwanza yafaa kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi iliyokuwa mbali na nchi kavu ilitegemea nyota. Iliibuka juu ya maji wakati wa mapambazuko au baada ya machweo, pale nyota zinapoonekana na upeo wa macho haujapotea. Ofisa alipima kwa sekstanti pembe iliyo kati ya nyota na upeo, akatazama saa, kisha akafanya hesabu kwa majedwali ya falaki. Kosa lilikuwa na gharama. Katika ikweta, saa ikikosea kwa sekunde 4, mahali panapokadiriwa huhama kwa maili 1 ya baharini. Ikikosea kwa dakika 1, huhama kwa maili 15, yaani karibu kilometa 28. Mawingu yakitanda siku tatu, ofisa alibaki na makisio ya mwendo na mwelekeo tu, na shaka ilizidi kila saa.

Kwa upande wa fani, mchezo unastahili sifa. Usiku huingia, nyota humeta, na mchezaji anaweza kusimama juu ya mnara wa nyambizi akatazama mbingu. Lakini ramani yake huonyesha daima mahali nyambizi ilipo, bila kipimo wala kosa. Mawingu hayamgharimu mchezaji chochote. Aidha, muda huweza kuharakishwa: ukizidishwa mara 1,000, machweo ya dakika 20 hupita kwa sekunde 1 na ushei. Hivyo nyota zimebaki kuwa pambo la mandhari.

Watetezi wa mchezo wanaweza kusema kwamba nahodha hakupima mwenyewe, na kwamba ramani ni ripoti ya ofisa wake. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, ripoti ya ofisa ilibeba kiasi fulani cha shaka, na nahodha mwema alijua kuipima shaka hiyo. Mchezo umemfanya ofisa asiweze kukosea kamwe, na kwa kufanya hivyo umemwondoa miongoni mwa wahusika.

Pili, kuna suala la mbingu ya nani. Kabimba, penye kiwanda cha saruji kandokando ya Ziwa Tanganyika, ipo karibu digrii 6 kusini mwa ikweta. Kwa kuwa kimo cha Nyota ya Kaskazini hukaribia kulingana na latitudo ya mtazamaji, nyota hiyo haionekani Kabimba kamwe. Anayetaka mwelekeo huutafuta katika Msalaba wa Kusini. Wavuvi wa ndagala nao huvua kwa taa usiku wa giza, kwani mbalamwezi huififisha nguvu ya taa. Lugha yenyewe ni shahidi: kilimia kimepewa jina kutokana na kulima, na kamusi za zamani zimehifadhi jaa kwa maana ya kaskazini na suheli kwa maana ya kusini, maneno mawili ya Kiarabu yaliyokuwa majina ya nyota kabla ya kuwa majina ya pande za dunia.

Jambo hili si la watoto tu. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldivi. Meli hiyo ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga. Walizama karibu digrii 1 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo Nyota ya Kaskazini hugusa upeo na haifai kupimwa. Bahari ile haikuwa tupu, na mbingu yake haikuwa ile ya Atlantiki.

Kwa ujumla, mchezo huu umefaulu katika kuchora nyota na umeshindwa katika kuzitumia. Watunzi wa michezo ya aina hii wangeondoa alama ya nyambizi katika ramani, wakampa mchezaji sekstanti na saa, na kuyaacha mawingu yazuie kipimo. Walimu nao wanaweza kuutumia upungufu huo darasani: mwanafunzi wa Kalemie apewe latitudo yake, aulizwe nyota ipi ataiona na ipi hataiona, na ajibu kwa Kiswahili. Istilahi za kuanzia zipo.