Heko kwa Wapimaji wa Sayari za Mbali

Wanaotafuta sayari zinazozunguka nyota za mbali wanastahili pongezi, na sababu kubwa ni kwamba hawakuomba kuaminiwa kabla ya kazi yao kuhakikiwa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakitumia darubini ya Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4.2 tu. Hawakuiona. Walichokipima ni mwanga wa nyota: mistari iliyomo ndani yake ilisogea huku na huku, ishara kwamba nyota inavutwa na kitu, ikija na kurudi kwa kasi ya mita zipatazo 60 kwa sekunde.

Wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza iwapo ni nyota yenyewe iliyokuwa ikitanuka na kusinyaa. Hawakupuuzwa. Geoffrey Marcy na Paul Butler, huko California, walipima upya wakapata jibu lilelile. Kisha, mwaka 1999, nyota HD 209458, ambayo mtikisiko wake ulishagunduliwa, ilififia kwa takriban asilimia 1.5 katika saa zilezile zilizotabiriwa kwamba sayari ingepita mbele yake. Njia mbili zisizotegemeana zikakubaliana: moja ikatoa uzito, nyingine ukubwa, na kwa pamoja zikathibitisha kwamba ni jitu la gesi. Huo, kwa maoni yangu, ndio uungwana wa sayansi. Mayor na Queloz walitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2019, na sayari zilizothibitishwa sasa zimepita 5,000.